Ndege Nyuki Juu ya Mikoko: Majibu kwa Wanaotaka Kurusha Kihalali Kibiti na Delta ya Rufiji

Delta ya Rufiji ina mikoko ipatayo hekta 53,000, msitu mkubwa wa aina yake kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa miguu haupitiki. Kwa boti unapita pale maji yanapokubali tu, na yakianza kupwa ukiwa ndani ya kijito, utakaa juu ya tope mpaka yajae tena. Kwa hiyo ndege nyuki, yaani kifaa kidogo chenye kamera kinachopaa kwa dakika 20 au 30 na kurudi na picha, kina manufaa makubwa kwa mtu wa Salale, Mbuchi au Kiongoroni. Kinaonyesha mikoko ilipokatwa, mashamba ya mpunga yalivyoingia msituni, mkondo ulivyohama, na nyumba zilizozingirwa na mafuriko.

Kurusha chenyewe si kazi ngumu. Kijana akishika rimoti kwa siku chache mkono unazoea. Kinachokwamisha ni vibali, na hapo ndipo wengi wanapoingia hasara: ananunua kifaa, anatafuta mafunzo, halafu mwisho kabisa anakwenda kuomba ruhusa ambayo ilipaswa kuwa hatua ya kwanza.

Je, hiki kidude kidogo nacho ni ndege mbele ya sheria?

Ndiyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, una ibara ya 8 inayosema kuwa ndege isiyo na rubani ndani yake haitaruka juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Walioandika ibara hiyo hawakuwahi kuona kamera inayoruka yenye uzito wa kilo moja, lakini kanuni ni ileile. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na zipo kanuni za mwaka 2018 zinazohusu ndege zinazoongozwa kutoka chini. Usidhani kwamba udogo wa kifaa, au kukinunua dukani kama kitu cha kuchezea, kunakuondolea wajibu wa kuomba ruhusa.

Uzito na matumizi ndivyo vinavyoamua masharti yawe mepesi au mazito. Anayerusha kwa kujifurahisha, anayerusha kwenye shamba lake na anayelipwa kwa kazi hiyo hawahesabiwi sawa. Ukilipwa hata kwa kupiga picha za arusi moja Bungu au Kibiti mjini, umeshaingia upande wa biashara.

Nikipata cheti cha mafunzo, nimemaliza?

Bado. Swali hili ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Chukua mfano wa gari la abiria. Gari lina kadi yake, dereva ana leseni yake, na kubeba abiria kwa nauli kuna leseni nyingine kabisa kutoka LATRA. Dereva hodari mwenye leseni safi akipakia abiria kwenye gari lisilosajiliwa atakamatwa, na hatatetewa na leseni yake.

Kwenye ndege nyuki mambo yako hivyohivyo. Kwanza ni kifaa chenyewe: aina yake, namba yake ya kiwandani, uzito wake na mmiliki wake viandikishwe TCAA. Pili ni wewe unayeshika rimoti: umefundishwa na nani, umepimwa vipi, una umri gani. Tatu ni shughuli: nani anaifanya, wapi, lini, kwa faida ya nani, na ajali ikitokea nani atamlipa aliyeumia au aliyeharibiwa mali. Hapo ndipo bima ya kufidia watu wengine inapoingia, na kwa kazi ya biashara usikubali kuanza bila kuwa nayo, hata kama mteja anakuharakisha.

Juu ya hayo yote kuna idhini ya usalama. Mwombaji hupitia Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na bila barua ya huko ombi lake TCAA haliendi mbali. Cheti cha mafunzo kinathibitisha kwamba unajua kurusha. Hakisemi kwamba mahali fulani, siku fulani, umeruhusiwa.

Kwa nini jeshi lihusike na picha za mikoko?

Wanaouliza hivi huuliza kwa uchungu, hasa watafiti na vikundi vya mazingira, na wanastahili jibu la kweli.

Ndege za kwanza kuruka juu ya delta hii zilikuja kwa vita. Mwaka 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikondo ya Rufiji, na Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini kwa sababu ya mikoko. Novemba mwaka huo walimleta rubani Dennis Cutler na ndege ya majini ya Curtiss, naye akaiona kutoka juu. Mwaka uliofuata ndege zilizoruka kutoka Mafia zilizielekeza meli za Kiingereza mahali pa kupiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 mwisho wa Königsberg ukafika. Msitu unaoficha manowari kwa miezi mingi unaweza kuficha mambo mengine pia, na anayeutazama kutoka juu anapata habari ambazo walio chini hawana.

Kisha kuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwaka 2016 na 2017 mauaji yalitikisa Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Waliuawa viongozi wa vijiji, wananchi wa kawaida na askari. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja wilayani Kibiti. Serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji. Wanaoishi hapa hawajasahau. Kitu kinachonguruma juu ya paa la nyumba jioni, bila mtu kujua ni cha nani, kinaamsha hofu ambayo mgeni kutoka mjini haijui. Ongeza bomba la gesi asilia linalotoka kusini kwenda Dar es Salaam, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayokataza kupiga picha maeneo yaliyolindwa. Ukiyaweka pamoja utaelewa kwa nini faili lako linasomwa na watu zaidi ya mmoja.

Mimi naamini ukaguzi huu una haki ya kuwepo. Naamini pia kwamba mwombaji ana haki ya kupata jibu kwa wakati, ndiyo au hapana, kwa sababu mikoko inayokatwa haisubiri barua.

Nikiwa Kibiti, nianzie wapi?

Anza kabla hujanunua. Andika barua ya maombi inayoeleza kazi yako kwa ukamilifu: aina ya kifaa na uzito wake, jina la atakayerusha, lengo la picha, vijiji vitakavyohusika, tarehe za kuanza na kumaliza. Weka ramani yenye mipaka ya eneo. Maombi yanayosema tu “Delta ya Rufiji” yanarudishwa au yanalala, kwa kuwa delta ni pana na aliye ofisini hajui kama unataka kuruka Nyamisati gatini au Msala karibu na bahari.

Barua ya idhini ya usalama ikishapatikana, fuata TCAA, ambao makao yao makuu yako Ukonga Banana, Dar es Salaam. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mtu akikutaka umtumie fedha kwenye simu yake ili “akusukumie faili”, mwache. Utapoteza fedha na utabaki bila kibali.

Ukiwa na vibali vya taifa, bado una safari ya wilayani. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ndiyo yenye kamati ya usalama, kwa hiyo ipelekee nakala. Polisi wapate nakala. Halafu mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, ana kwa ana, siku moja au mbili kabla. Hatua hii ya mwisho watu huidharau kwa kuwa wana barua kutoka wizarani, lakini mwananchi atakayeona kitu angani hatampigia waziri simu, atamwita mwenyekiti wake.

Mafunzo yenyewe yana nini?

Zaidi ya kushika rimoti. Utajifunza sheria za anga, kusoma ramani za anga, hali ya hewa, uwezo na udhaifu wa kifaa, utunzaji wa betri za lithiamu ambazo zikigongwa au kupata joto kali zinaweza kulipuka kwa moto, namna ya kupanga safari, na la kufanya mawasiliano yakikatika. Utajifunza pia kuhusu uchovu, haraka na shinikizo la mteja, vitu ambavyo vimeua marubani wa ndege kubwa na vinaangusha ndege ndogo kila siku.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka viwango vya leseni ya rubani wa ndege za aina hii vilivyoanza kutumika Novemba 2022. Humo umri wa chini ni miaka 18, na mwombaji hupimwa afya. Kila nchi inaviingiza kwenye taratibu zake kwa mwendo wake, lakini kijana anayeanza leo ajiandae kwa kiwango hicho.

Chuo kiwe kimeidhinishwa na TCAA kwa kozi hiyohiyo. Omba kuona idhini na tarehe yake ya mwisho kabla hujalipa. Pa kwanza pa kuulizia ni TCAA wenyewe, ambao wana Chuo cha Usafiri wa Anga Dar es Salaam. Cheti cha kozi ya mtandaoni kutoka nje kinaweza kukuongezea maarifa, lakini usikitegemee kama ruhusa.

Angani kwetu kuna nini cha kugongana nacho?

Ndege zenye watu. Kilindoni, Mafia, kuna uwanja wa ndege, na ndege ndogo za abiria kutoka Dar es Salaam hupita pwani hii mara kwa mara. Nyingine hupeleka watalii kwenye viwanja vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Ndege inayoshuka au inayokwepa wingu inaweza kuwa chini kuliko unavyodhani.

Kikomo kilichozoeleka Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya dunia ni futi 400 kutoka usawa wa ardhi, yaani kama mita 120. Soma kibali chako, maana kinaweza kukupa chini ya hapo. Kifaa kibaki ndani ya upeo wa macho yako, macho yenyewe, si kioo cha simu. Kwenye mikoko sharti hili ni gumu kuliko kwenye tambarare: ukiwa ndani ya kijito chenye mikoko mirefu pande zote mbili, kifaa kikipita tu juu ya vilele hukioni tena. Weka mwenzako mahali pa wazi awe anakitazama na kuzungumza nawe kwa redio.

Nikirushia kwenye boti, kuna tofauti?

Kubwa sana, na vitabu vingi vya mafunzo havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa delta.

Kifaa kinapowashwa hukariri mahali kilipo. Mawasiliano yakikatika au betri ikipungua, kinarudi mahali pale. Nchi kavu hilo ni jambo jema. Kwenye boti ni hatari, kwa sababu wakati kifaa kiko angani, maji yamekusukuma. Ukirusha maji yakitoka kwa nguvu siku ya bamvua, baada ya robo saa boti inaweza kuwa mamia ya mita chini ya mkondo, na kifaa kinarudi kwa uaminifu kabisa juu ya maji matupu, kinashuka, kinazama. Kwa hiyo tia nanga kwanza, au badilisha mahali pa kurudi kila boti inaposogea. Programu nyingi zinaruhusu kurudi kwenye rimoti yenyewe. Bora zaidi, tafuta ukingo mgumu au gati.

Dira nayo inachanganywa na chuma. Injini ya boti, nanga, pipa la mafuta, vyote vinaivuruga. Ndege nyuki iliyorekebishwa dira yake karibu na injini inaweza kupaa na kuanza kuzunguka kama inayotafuta kitu. Irekebishie nchi kavu, mbali na chuma.

Kutua kwenye boti inayoyumba ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika rimoti, mwingine amesimama imara, amevaa glavu ngumu na miwani, anakidaka kwa chini, mbali na mapanga. Nahodha azime injini. Abiria wengine wakae chini. Mapanga ya plastiki yanachana kidole vizuri tu.

Upepo una majira yake na wavuvi wanayajua kuliko programu yoyote ya simu. Kusi ikivuma mchana, kifaa kinachokwenda nayo kinaruka kama mshale, halafu kurudi kinashindwa na betri inaisha njiani. Anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili urudi ukisukumwa. Asubuhi mapema ndiyo salama. Chunga pia furukombe: ana makazi yake kwenye miti mirefu kandokando ya mto na hapendi kuingiliwa. Ukimwona anakuja, panda juu haraka na uondoke eneo lake. Jioni futa chumvi kwenye mota kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa maji baridi, la sivyo zitakwama kabla mwaka haujaisha.

Kuna vibali vingine zaidi ya vya anga?

Inategemea unachofanya. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na delta ni sehemu ya eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Utafiti unapitia COSTECH. Filamu inapitia Bodi ya Filamu. Upimaji na uchoraji wa ramani unahusu wizara ya ardhi. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuruka bila ridhaa ya TANAPA, na kwenye mapori ya akiba ni TAWA.

Mkulima wa korosho anayefikiria kupuliza dawa kwa ndege nyuki ajue kwamba vifaa vya kupulizia ni vizito kuliko vya picha, na dawa yenyewe inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Upepo ukiipeleka dawa kwenye kisima cha jirani, kibali cha anga hakitakutetea.

Watu waliomo kwenye picha wana haki gani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa picha ambayo mtu anaweza kutambulika. Lakini kabla ya sheria kuna heshima. Mtoni ndipo watu wanapooga na kufua. Kupitisha kamera hapo bila taarifa ni kuwavunjia heshima, na kijiji kitakukumbuka kwa hilo miaka mingi. Waambie saa utakayoruka. Ukimaliza, waonyeshe picha. Wazee wakiona kijito wanachokijua tangu utotoni kimeonyeshwa kutoka juu, watakueleza mambo ambayo kamera haikuyaona: hapa palikuwa na miti ya msikundazi, pale mto ulipita kabla ya mvua za El Niño za mwaka 1998.

Ukihofia kwamba picha zako zitatumika kumkamata mkulima wa mpunga aliyeingia msituni, sema mapema zinakwenda kwa nani. Wananchi wakidanganywa mara moja, anayekuja baada yako hatapokewa.

Mafuriko yakija, naweza kuruka kusaidia?

Aprili 2024 maji yalifunika vijiji na mashamba Rufiji na Kibiti, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani hii. Nyakati kama hizo picha za juu zinaokoa: zinaonyesha watu wamekwama wapi na njia ipi bado inapitika. Lakini ndizo nyakati ambazo helikopta huruka chini, na kifaa kimoja kisichojulikana kinaweza kuifanya igeuke bila kushusha chakula. Usiruke kwa utashi wako. Jitokeze kwa kamati ya maafa ya wilaya, upangiwe eneo, saa na kimo. Njia bora ni kuwa na vibali vyako tayari kabla ya masika na jina lako lijulikane wilayani kabla maji hayajapanda.

Kazi ipo kweli, au nitasoma bure?

Ipo, ingawa haina uhakika wa mshahara wa kila mwezi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuchorwa ramani kwa ndege nyuki, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ziwa Victoria mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Mwaka 2019, Zanzibar, mashamba ya mpunga yalinyunyiziwa kimiminika cha kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Kazi hizo zilihitaji watu wanaolijua eneo, upepo na maji. Mtu wa delta anayajua hayo tangu utoto, na inaniuma kuona picha za delta zikipigwa na wageni huku wenyeji wakibeba mabegi yao.

Kifaa ninacho tayari, ndugu kaniletea kutoka Oman. Nifanye nini?

Usikirushe. Usisubiri pia kukamatwa. Tafuta risiti ya ununuzi na nyaraka za forodha alizopewa, andika namba ya kiwandani, kisha uwaulize TCAA kwa maandishi namna ya kukisajili. Ndugu akiwa bado hajasafiri, mwambie asikiweke kwenye begi kabla wewe hujapata ruhusa, kwa sababu forodha wanaweza kukizuia uwanjani.

Kibali kikitoka, soma tarehe ya mwisho na uiandike mahali utakapoiona. Weka daftari la safari: siku, mahali, muda wa kuruka, betri iliyotumika, hitilafu yoyote. Ukiomba tena mwaka ujao, au mtu akidai kwamba ulikuwa juu ya nyumba yake Jumanne jioni, daftari hilo litafunguliwa kwanza.